Mkojo wa Marashi

Enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara na maduka ya Kariakoo yakajaa vitu tena, mimi nami nilijaa. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, mwezi wa nane, uso umeumuka kama andazi na miguu haina kifundo. Wateja waliokuja kununua vitenge dukani kwetu Mtaa wa Swahili walinisifu: Badriya, biashara imekukubali. Niliamini. Miaka yote ya foleni za sukari nilikuwa mwembamba kama ufito, sasa nina mwili wa kutazamwa. Pete ya ndoa ilipogoma kutoka kidoleni, nilimwambia mume wangu, Sheikhan, kwamba hiyo ni dalili ya ndoa kudumu. Kichwa kiliponiuma, nikalilaumu jua.

Kliniki waliniambia nije na mkojo. Binti wa Kiarabu nibebe mkojo barabarani, watu wanaona? Nikautia kwenye kichupa cha marashi, nikakifunga kwenye leso, nikaenda Ilala nimejinyoosha. Nesi, mama mmoja aitwaye Clotilda, alikifungua, akanusa, akaniuliza kwa upole kama nimekuja kupimwa au napita tu kuelekea harusini. Akanirudisha chooni na kikopo.

Mkojo wa pili aliupasha juu ya taa ya spiriti. Ukageuka mweupe, kama ute wa yai unaoiva. Akadondoshea asidi kidogo, weupe haukuondoka.

"Kuna protini nyingi," alisema.

Nikatabasamu. Shuleni tulifundishwa protini hujenga mwili, na mimi kila asubuhi nilikula mayai. Nikamweleza hivyo, kwa majivuno kabisa.

Alinifunga mkanda wa presha mkononi, akapima, kisha akarudia. Alipomaliza akavuta stuli, akakaa karibu yangu.

"Mwanangu, hiyo ni protini ya damu yako, inavuja kwenye figo. Na presha imepanda. Kifafa cha mimba kinakunyemelea, kinaweza kukuua wewe na mtoto. Nyumbani hurudi."

Nilimwomba anivumilie hadi kesho, maana mzigo wa vitenge ulikuwa unatoka bandarini, na Sheikhan hajui kuchagua rangi. Alikwenda kutafuta gari.

Hospitali, vimulimuli vilianza kunichezea machoni, nikamuuliza daktari kama kuna sherehe. Nikachomwa sindano ya kuzuia kifafa. Daktari alisema ugonjwa huu hautulii mpaka mtoto atoke, wakanipasua jioni ileile. Binti yetu, Lujain, alitoka mdogo mno, analia kama paka mchanga. Sheikhan alimtazama, akageukia ukuta, akijifuta macho.

Kitanda cha jirani alilala Sitara, wa Buguruni. Yeye hakuwa amewahi kwenda kliniki. Kifafa kilimwangusha jikoni kwake, akazinduka wodini, mtoto hayupo. Wiki nzima tulilala tukitazamana, mimi nikimficha Lujain ndani ya kanga kana kwamba nimemuiba.

Mwishowe Sitara mwenyewe akasema, "Naomba nimshike."

Nikampa. Alimpakata muda mrefu, akimnusa utosi. Nilitafuta neno la kumfariji, neno la mtu mzima, na kilichonitoka kinywani ni kwamba chai yake inapoa.

"Acha ipoe," alisema.