Asante ya Kibuyu

Mkataa kwao ni mtumwa, ati. Walter Olaizola hakukataa kwao. Kwao ndiko kulikomkataa, siku goti lake lilipovunjika, naye akaenda kuwa mtumwa wa ukocha huko Oruro, Bolivia, juu milimani ambako mgeni huitafuta pumzi kama aliyeangusha sindano.

Mwaka wa tisa, kura ya kombe ilimletea klabu yake ya zamani kutoka Paysandú, Uruguay. Golini alikuwa bado Rubén Saravia, mwandani wake, baba wa ubatizo wa bintiye aliyebaki nyumbani.

Asubuhi ya mechi Rubén alimjia na chupa ya maji moto na kibuyu cha mate, majani machungu ya kwao yanywewayo kama chai. Wakanywa kwa zamu, mrija mmoja, kama zamani.

"Umezeeka, kipara wewe," Walter alimtania.

"Na wewe tumbo linafika kabla yako!" Rubén akacheka, akakohoa. "Sikiliza, ndugu yangu. Jana mazoezini mipira ilinipita kama risasi. Kwenye hewa yenu hii nyepesi sioni hata inakotokea. Nina miaka thelathini na tisa. Mkataba wangu unaamuliwa leo. Waambie vijana wako wasipige kutoka mbali."

"Tukifungwa leo, nafukuzwa."

"Basi shindeni. Shindeni kwa njia nyingine tu."

Walter alinyonya mrija mpaka kibuyu kikakoroma. Akakirudisha.

"Asante," akasema.

Kwao, asante ya kibuyu ina maana moja: imetosha, usinijazie tena. Rubén aliifunga chupa yake polepole, ingawa maji yalikuwa bado nusu.

Yakawa mabao manne, yote kutoka mbali. Baada ya la tatu Rubén hakuruka tena. Alisimama tu, mikono chini. Uwanja mzima uliimba jina la Walter, naye hakuinua uso.

Walter alimkuta Rubén mlangoni mwa basi, glavu zikining'inia shingoni.

"Siri nilikupa mimi, kwa mdomo wangu," Rubén alisema. "Sema samahani, Walter. Neno moja tu, nikalale."

Walter alivitazama vidole vya rafiki yake, vilivyopindwa na mashuti ya Walter mwenyewe tangu utotoni.

"Ukifika, nibusie binti yangu," alisema. "Lakini samahani siombi."