Msiba wa Msufi

Msimu wa sufi ukiingia Chanika, Apolonia akili humruka. Maganda yanapasuka juu kule, sufi nyeupe inashuka taratibu kama inajishauri, naye anaikimbiza uani kwake huku na huko, mama mzima mwenye wajukuu, rangi imemganda hadi kwenye nyusi.

Alikuwa mchoraji, na alichora miti, tena mikongwe tu. "Mche nao una sura?" alikuwa akisema. "Uacheni kwanza uione dunia." Kila mti mkongwe aliuamkia shikamoo, na aliapa kwamba mkwaju mmoja wa Mabibo una nyodo, hauitikii.

Lakini kipenzi cha roho yake kilikuwa msufi wa jirani yake, Mzee Marijani. Aliuchora wenye majani, aliuchora uchi, aliuchora umenyeshewa, na bado alisema hajaupatia.

Basi Jumamosi moja asubuhi akasikia msumeno wa mashine unanguruma upande wa pili wa ua. Alitoka mbio, brashi mkononi, kandambili mguu mmoja. Akamkuta Anwar, fundi wa msumeno, anafunga kamba kwenye shina. Marijani amekaa kwenye kigoda, kaupa mti mgongo.

"Mtani, kulikoni?"

"Naukata. Unanichafulia uwanja."

Apolonia hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwanaasha, mke wa Marijani, ndiye aliyekuwa akiiokota sufi ile na kushonea mito. Nusu ya mtaa wamelalia mito yake. Tangu alipofariki, sufi ilianguka pale uwanjani ikakosa mwenyewe, na hakuna aliyemsikia Marijani akicheka.

Kumbembeleza kusingesaidia. Ila Apolonia alikuwa Mnyamwezi na Marijani Mzaramo, watani tangu enzi za mababu, na mtani akiwa msibani hana sheria. Atamtukana mfiwa, ataondoka na sahani ya marehemu, na mfiwa haruhusiwi kununa.

Akajifunga khanga kiunoni, akalikumbatia shina, akaachia kilio.

"Uwiii! Msufi wetu weee! Unaondoka hata kwaheri hujatuaga, unatuachia huyu Marijani mwenye roho ya korosho!"

Kosa lake ni kwamba alilia vizuri mno. Mtaa ule kilio hakiulizwi, kinafuatwa. Mara Gladness huyo na sufuria la chai, Shomari huyo na jamvi begani, na kina mama wengine nyuma yao wanajifunga khanga huku wakikimbia.

"Jamani, nani kafa?"

"Msufi!"

Gladness akautazama mti kutoka chini hadi juu. "Mbona umesimama?"

"Unasubiri sanduku."

Kikapasuka kicheko. Gladness akatua sufuria lake. "Mie chai nishapika, siirudishi." Shomari naye akatandika jamvi, na kina mama wakakipokea kilio huku wakifuta machozi ya kucheka. Anwar akazima mashine. "Mzee, mie sigusi maiti mpaka ndugu wote wafike."

"Mnyamwezi wee!" Marijani akafoka. "Mbeba mizigo ya misafara tangu babu yako! Toka hapo ukabebe!"

"Sitoki!" Kisha Apolonia akashusha sauti. "Mtani, msiba wa Mwanaasha sikufanya utani. Nililia kama mfiwa, mdomo ukagoma, nikarudi kwangu mikono mitupu. Mtani gani anatoka msibani mikono mitupu? Leo nimekuja kuchukua changu."

"Unataka nini?"

"Huu." Akaupiga msufi kofi la mapenzi.

Sufi moja ikashuka, ikazunguka, ikatua juu ya kofia ya Marijani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Wakadhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kikubwa, cha mtu aliyekibana muda mrefu.

"Alisema!" akapata kutamka. "Mwanaasha kitandani kaniambia, mtani wako yule atakuja kuchukua kitu kikubwa, usimnyime. Mie nikadhani kabati. Nikalificha kwa Shomari!"

"Lipo mpaka leo," Shomari akasema. "Limejaa panya."

Hapo hata Anwar alikaa chini, mbavu hana.

"Haya, chukua mti wako," Marijani akasema akijifuta macho. "Ila ubebe mwenyewe. Si ndiyo kazi yenu?"

Apolonia akatema mate viganjani, akaukumbatia msufi, akajikaza kuung'oa huku mtaa mzima ukimwimbia, "Harambee! Harambee!" Msufi haukutikisika, ulimmwagia sufi tu kichwani.

"Mzito," akasema akihema. "Niwekee hapahapa, mtani, mpaka nipate nguvu."

"Nitakuwekea."

Chai ikamiminwa. Anwar akafungua kamba yake. Na Marijani, pale kwenye kigoda, akainama akaokota sufi moja, akaipuliza vumbi, akaitia mfukoni. Akaokota nyingine. Chai ilipomfikia, mifuko yote miwili ya kanzu ilikuwa imevimba, ikabidi Gladness amshikie kikombe.