Neno Jepesi

Hyasinta alikuwa akilipepea jiko la mkaa uani huku akilirudiarudia neno moja la Kiingereza kwa sauti ya chini. Mara ulimi ulijikwaa, mara ulipita salama. "Cherish." Wapangaji wenzake waliokuwa wakiosha vyombo walidhani anaimba. Hakuwaeleza. Neno lile alikuwa akimtunzia mumewe, kama mtu anavyomfuga jogoo wa sikukuu.

Mumewe, Anselmi, alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na suti mbili, redio ya betri, na mazoea mapya ya kupenda kwa Kiingereza. Zamani alimwita Sinta, jina walilotoka nalo kwao Peramiho. Sasa asubuhi alikuwa "darling", jioni, mume akirudi kutoka ofisini kwake katika shirika la umma, alikuwa "my treasure", na siku za furaha Anselmi alimshika kidevu akamwambia maneno marefu ambayo Hyasinta aliyapokea kwa tabasamu, kama mgeni anayepakuliwa chakula asichokijua. Yalikuwa matamu masikioni. Lakini alichoka kupendwa kwa lugha asiyoweza kuijibu.

Ndipo alipojiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima, jirani na Mnazi Mmoja. Nyumbani alisema anakwenda kujifunza kufuma vitambaa na akina mama wa parokia. Alijua kuwa ni uongo, ila aliusamehe moyoni mwake, maana alitaka siku moja, bila mume kutarajia, amjibu.

Mwalimu wao, Bi Sitara, alikuwa mwanamke wa mtaa wa Gerezani, mwenye kanga iliyonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Jioni moja aliandika ubaoni maneno ya kupenda na kuthamini, akaanza na yaliyo mepesi, akashuka hadi mazito.

"Haya yote ni ndugu," alisema, "ila hayalingani. 'Fond' ni mazoea: umemzoea mtu, ukampenda kiasi, kama unavyompenda paka wa nyumbani. 'Value' ni kuthamini, na mara nyingi mtu huthamini kile kinachomfaa. 'Love' mnalijua. Sasa hili, 'cherish', ni kumwenzi mtu. Umweke moyoni usitake hata upepo umguse."

"Na 'treasure', mwalimu?" Hyasinta aliuliza.

"Hazina. Tunu. Mtu akikuita hivyo, mwanangu, basi akutafutie na mahali pa kukuweka."

Darasa zima likacheka. Hyasinta naye akacheka, na alipokuwa akirudi Mtaa wa Narung'ombe, akipita kando ya soko jipya ambalo wapita njia walikuwa bado wanasimama kulishangaa, alijiona tajiri kuliko wenye maduka.

Mwezi ule ule Anselmi alileta habari. Shirika linampeleka London kwa miaka mitatu, na wake hawaruhusiwi.

"Tena tumetakiwa tuonyeshe mfano," alisema kwa uso wa mkutano wa hadhara. "Wewe utarudi nyumbani, ujiunge na kijiji cha ujamaa, ulime na wenzako. Nikirudi tunaanza maisha upya."

Hyasinta alilia kidogo. Kisha akajifuta machozi, akajiambia kwamba nchi inajengwa na watu wanaokubali kuachana kwa muda, akaanza kufunga mizigo. Alikusudia kumjibu kwa Kiingereza siku ya kuagana, pale ambapo neno moja lingetosha safari nzima.

Jumapili moja mchana Anselmi alimwalika Bwana Mbaruku, mwenzake wa ofisini. Hyasinta alipika wali wa nazi na kuku. Mbaruku alikula kwa adabu, akausifu mkono wa mpishi kwa Kiswahili safi. Hyasinta alipoanza kuondoa sahani, wanaume wale wawili wakahamia kwenye Kiingereza.

Mbaruku aliuliza kama shemeji yake amekwisha kupata koti la baridi.

"Haendi," Anselmi alijibu, wala hakupunguza sauti, kama watu wanavyozungumza mbele ya mtoto mchanga. "Nafasi ya mke ipo, na tiketi ipo. Lakini atakayenifuata ni Severa."

"Severa wa masijala?"

"Anajua kukaa na watu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu, akitabasamu. "Huyu, usinielewe vibaya. I am fond of her. Lakini London atanitia aibu."

Mbaruku aliinamia sahani yake, ambayo haikuwa na kitu.

Hyasinta alibaki ameshika bakuli la mchuzi. Si jina la Severa lililomchoma kwanza. Ni lile neno dogo, jepesi, lililochaguliwa kwa uangalifu na mtu anayeijua lugha yake. Yale mazito alikuwa amempa huku akijua hana mzani wa kuyapimia. La kweli alilisema siku alipodhani hasikii. Na kijiji, na jembe, na kuonyesha mfano, yote yale aliyokuwa ameyalilia kwa heshima, yalikuwa pazia tu.

Aliliweka bakuli mezani taratibu, lisimwagike.

"Will you have more rice, Mr Mbaruku?"

Mbaruku akasimama, akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nimeshiba, shemeji," alisema kwa Kiswahili, macho yake sakafuni. "Nisamehe." Akatoka bila kunawa.

"Tangu lini?" Anselmi aliuliza.

"Tangu uliporudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nikujibu."

Anselmi alizunguka meza, akanyoosha mkono kukitafuta kidevu chake. "Sikiliza. My treasure..."

"Liseme kwa Kiswahili," Hyasinta alisema, akirudi nyuma hatua moja.

"Unajua maana yake."

"Najua. Nataka ulitamke kwa lugha uliyoniposea."

Anselmi alitafuta. Macho yakamkimbilia Hyasinta, kisha yakaukimbilia mlango. Hyasinta alimpa nafasi. Hata moyoni mwake alikuwa akimsaidia kulitafuta, kwa aibu ya mtu anayeendelea kupenda baada ya kuachwa. Halikutoka. Akaziacha sahani zilivyo, akatoka barabarani na mikono iliyokuwa ingali na mafuta ya kuku.

Ng'ambo ya mtaa, Bi Waridi, mwenye nyumba ya wapangaji, alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, Bi Waridi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jua lote hili huna hata mtandio?"

"Kile chumba cha uani kimepata mtu?"

Bi Waridi aliinua macho. Akaitazama mikono ya Hyasinta, kisha mlango ulioachwa wazi nyuma yake, akarudi kwenye mchicha wake.

"Hakijapata. Ila dirisha lake bovu, halifungiki. Makelele yote ya Kariakoo yatakuingilia humo."

"Yaingie tu," Hyasinta alisema. Akavuta kigoda, akaketi, akatwaa fungu la mchicha na kuanza kuchambua.