Saa Iliyotembea Ndani ya Kopo

Saa ilikuwa inatembea.

Mpiga pasi alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la nguo, kopo la biskuti mapajani, na kwa muda hakuamini macho yake. Akaisogeza sikioni. Ilikuwa inatembea kweli, kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona jambo asilotaka wengine walisikie. Zile mbili zilizolala pembeni yake zilikuwa zimekufa, kama inavyotakiwa. Hii ya uso wa bluu peke yake ndiyo iliyokuwa hai.

Sasa hapo pana neno. Saa ya aina ile haina betri. Hujitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono wa anayeivaa, na ukiivua ukaiweka, siku mbili nyingi, inasimama. Naye hakuwa ameivaa tangu mwaka jana. Wala hakuna mtu aliyelifungua kopo. Alikuwa na hakika, kwa sababu kila alipolifunga alibana kipande cha uzi mwekundu kwenye ukingo wa kifuniko, upande wa maandishi. Mtu akifungua, uzi unadondoka bila yeye kujua, nao unabaki sakafuni kumshtaki. Asubuhi hii uzi alikuwa ameukuta mahali pake pale pale.

Akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo asubuhi. Akatazama ile iliyo mkononi. Mshale mfupi umepita kidogo kwenye mbili, yaani saa nane na robo. Kumbe si kutembea tu, hata majira imeyapoteza.

Akakaa chini kabisa, mgongo kwenye kabati, akapiga hesabu. Saa isiyovaliwa inatembea. Kopo halijafunguliwa. Jibu lilikuwa moja tu, na lilimwingia taratibu: ndani hamna tena mashine yake. Wameinyofoa, wakamtilia ya betri, ya bei ya nyanya. Na mtu pekee aliyewahi kufungua mgongo wa saa ile alikuwa fundi, rafiki yake wa miaka ishirini.

Alikuwa na watu wawili tu aliowaamini duniani, mkewe na fundi. Leo mmoja wao alikuwa mwizi.

Kazini walimwita Kola, kwa jinsi alivyozinyoosha kola za mashati zikasimama kama zimetoka dukani. Penzi lake la saa lilianzia hapo hapo kwenye meza ya pasi. Alikuwa kijana bado alipogundua kwamba mashati ya mabwana fulani huchakaa mkono mmoja tu, wa kushoto, kwenye pindo. Nyuzi zinanyanyuka, na panakuwa na mstari mwembamba wa kijivu ambao hata sabuni haiutoi. Ni chuma cha saa kinachosugua. Basi akawa anawajua watu kwa mapindo: huyu ana saa nzito, huyu amebadilisha, huyu, maskini, ameiuza. Wenzake walimcheka. Yeye akaanza kuweka akiba.

Ya kwanza na ya pili alizinunua kuukuu. Ya bluu ilimshinda, bei yake ilikuwa mara mbili ya akiba aliyokuwa ameiweka. Mkewe, mshonaji, wakati ule alikuwa na cherehani mbili. Aliuza moja. Hakusema maneno mengi. Alisema, "Nenda kabla haijapanda."

Na kweli ilipanda. Ilipanda mwaka ule na uliofuata, ikawa haishiki breki. Kola alipoanza kutafuta ya nne, kila alipofika dukani na fedha yake aliambiwa bei hiyo ilikuwa ya mwezi uliopita. Akaweka tena, bei ikakimbia tena, mpaka akaacha kuikimbiza. Lakini jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba hata zile alizokuwa nazo zilipanda pamoja na wenzao, zikiwa zimekaa tu. Siku moja bwana mmoja alimshika mkono barabarani, akaitazama ile ya bluu, akamwambia, "Mzee, unajua umevaa nyumba?" Alisema kwa kicheko, akaenda zake. Usiku ule Kola hakulala kwa ile sentensi. Kesho yake aliivua, na wiki hiyo hiyo akaanza mambo ya uzi.

Tangu hapo, kila bei ilipopanda alilifungua kopo kuhakikisha. Jana muuzaji mmoja wa saa alipoleta suti zake kupigwa pasi alimwambia bei za saa zimepanda tena.

Mkewe alikuwa ameshatoka kupeleka nguo za mteja. Kola akaifunga saa kwenye kitambaa, akaitia mfuko wa ndani, akaweka mkono juu yake njia nzima.

Kibanda cha fundi kilikuwa upana wa mlango na nusu. Fundi alikuwa ameinama, kile kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia. Kilikuwa kimemwachia alama ya duara isiyofutika, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Jicho.

"Karibu, ndugu yangu. Umepotea," alisema bila kuinua kichwa. "Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Nataka unifungulie hii. Sasa hivi, nikiona."

Fundi akainua kichwa. "Ina nini?"

"Fungua tu."

"Siku zote unaniachia, unaenda zako."

"Leo siachi."

Fundi akakitoa kioo jichoni, akamtazama kwa macho mawili. Kisha akapangusa meza, akatandika kitambaa cheupe, akaiweka saa kifudifudi. Kola akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. Kila ulipokwenda mkono wa fundi, macho ya Kola yalikwenda. Kila skrubu iliyotoka aliihesabu kimoyomoyo. Aliona aibu, na bado akahesabu.

Mfuniko ukatoka. Ndani, kile kipande cha chuma cha nusu mwezi kiliyumba, kikarudi, kikatulia. Ilikuwa mashine ile ile. Na kwenye tumbo la mfuniko palikuwa na mikwaruzo midogo mitatu, tarehe za mara tatu alizowahi kuisafisha, kwa mwandiko wa fundi.

"Sema ulichokuwa unakitafuta," fundi alisema.

Kola akaikazia macho ile mikwaruzo.

"Ulidhani nimekubadilishia mashine."

"Nimeikuta inatembea, na haijavaliwa mwaka mzima. Ungekuwa wewe ungedhani nini?"

"Ningedhani imevaliwa." Fundi akaigeuza saa, akatazama uso wake, kisha saa ya ukutani. Akakunja paji. "Imebaki nyuma saa sita. Sita kamili, na dakika ziko sawasawa. Saa mbovu haipotezi hivyo. Hii imetegwa na mtu, na kwa mtu huyo mshale mfupi uko kwenye tatu kwa kuwa sasa ni saa tatu." Akaanza kutabasamu. "Kwako ni nani anayesoma saa kama ilivyoandikwa?"

Kola alijua kabla swali halijaisha. Mwaka waliooana, mkewe alimuuliza kwa nini mshale uko kwenye nane naye anasema saa mbili. Akamweleza kwamba ndivyo saa zinavyosomwa, unaangalia upande wa pili. Mkewe akajibu kwamba kama ni hivyo, basi saa zote ni waongo, naye hawezi kuishi na kitu ambacho kila siku lazima akigeuzie maneno. Kola alikuwa amewachekesha wageni kwa kisa hicho kwa miaka thelathini.

"Haiwezekani," alisema. "Nimeweka uzi."

"Uzi gani?"

Akaeleza. Kadiri alivyoeleza, ndivyo tabasamu la fundi lilivyokuwa likiondoka.

"Nyumbani kwenu mko wangapi?" fundi aliuliza.

"Wawili. Watoto walishahama."

"Basi huo uzi ni wa shemeji."

Hakusema zaidi. Akarudisha mfuniko, akakaza, akaipangusa saa na kuisukuma ng'ambo ya meza. Kola aliposimama, fundi akataja bei ya kufungua. Katika miaka ishirini hakuwahi kumtoza kwa kufungua.

"Ya rafiki nafungua bure," alisema, akirudisha kioo jichoni. "Leo umekuja kama askari."

Kola akalipa. Njiani aibu ilimtafuna kidogo, lakini shaka ilikuwa na njaa zaidi. Sawa, fundi si mwizi. Basi amebaki mmoja. Amekuwa akiitoa saa, akiitega, akiirudisha, mpaka uzi kaupatia dawa yake. Mtu hafanyi hivyo bure. Anaizungusha kwa madalali. Anasikiliza bei. Anangoja ifike pale anapopataka, halafu siku moja Kola atafungua kopo akute mbili. Aliyapanga yote vizuri, hatua kwa hatua, na alipofika mlangoni alikuwa ameshamhukumu.

Mkewe alikuwa amerudi. Cherehani ilisikika chumba cha pili, ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Kola hakuingia. Kwanza akawasha pasi, kama afanyavyo kila akiwa na jambo, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hukaa vizuri. Juu ya kiti palikuwa na blauzi ya mkewe ya mikono mirefu, imefuliwa, inangoja zamu yake. Akaitandaza. Akapiga mgongo, akapiga kola, akapiga mkono wa kulia. Akauvuta wa kushoto, na pasi ikasimama hewani.

Kwenye pindo nyuzi zilikuwa zimenyanyuka. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu.

Akaugusa kwa kidole. Akatazama pindo la kulia, lilikuwa zima. Mstari kama ule hauji kwa siku moja, wala kwa kuipeleka saa mara mbili kwa dalali. Ule ni mstari wa mtu aliyevaa, akafanya kazi akiwa amevaa. Na blauzi ile alikuwa ameipiga pasi mwenyewe wiki baada ya wiki, yeye anayejua wanaume wa mji mzima kwa mapindo yao. Hakuwahi kuutazama mkono ule.

Akaweka pasi wima, akaingia chumba cha pili.

"Mama watoto. Umekuwa ukiivaa saa."

Cherehani ikasimama. Mkewe hakushtuka. Alikata uzi kwa meno, akageuka.

"Siku za Alhamisi," alisema. "Ukiwa na zamu ndefu."

"Unaenda nayo wapi?"

"Siendi nayo popote. Nakaa nayo hapa. Nashona."

"Kwa nini?"

"Wewe mwenyewe uliporudi kutoka kwa fundi mwaka jana ulisema saa isiyovaliwa mafuta yake hukauka. Nikasema, hiyo ni sababu nzuri." Akakinyoosha kitambaa kilichokuwa mapajani. "Lakini hata usingesema ningeivaa. Cherehani yangu iko humo."

Kola akatafuta pa kuuweka mkono wake, akauweka kwenye fremu ya mlango. "Na uzi?"

"Alhamisi ya kwanza ulidondoka, nikaufagia nikidhani ni taka. Ya pili nikakuta mwingine, mahali pale pale, rangi ile ile. Nikakaa nao mkononi nikauangalia." Sauti yake haikupanda. "Uliutoa kwenye kikapu changu, baba watoto. Uzi wenyewe ni wangu."

"Ukawa unaurudisha."

"Kila Alhamisi. Upande wa maandishi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeuona?"

Kola alitaka kusema kwamba uzi haukuwa wa kwake, ulikuwa wa wezi. Lakini wezi gani hao, waliokuwa na ufunguo wa mlango na waliojua kabati lilipo? Maneno ya fundi yalikuwa bado yamemkaa kifuani. Alijisikia mdogo, na akaona haya kuutazama uso wa mkewe. Akaitoa saa mfukoni, akaifungua kitambaani, akainyoosha kwake.

"Ivae."

Mkewe akaitazama. Akatazama mkono ulioishika.

"Leo si Alhamisi," alisema, akageukia cherehani.

Kola aliirudisha kabatini. Mishale hakuigusa, akaiacha katika majira ya mkewe. Kifuniko akakifunga bila kubana kitu, na uzi akauweka kwenye kikapu cha kushonea, juu kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuuona. Kisha akaenda kazini, na siku ile mapindo yote aliyoyapiga pasi hakuyachunguza.

Wiki ilipita vizuri. Walizungumza, chakula kilikuwepo, mkewe alicheka mara moja kwa jambo la jirani. Kola alipita kibandani kwa Jicho kumwomba radhi. Fundi alisema yameisha, akauliza hali ya shemeji, na hakumvutia kiti. Jumatano jioni, muuzaji wa saa alimwambia Kola kwamba bei imetulia. Alhamisi alikuwa na zamu ndefu. Mchana kutwa alimwona mkewe akilini, ameketi kwenye cherehani, saa ya bluu inapanda na kushuka na mkono wake, na wazo hilo lilimfurahisha kuliko alivyofikiri.

Ijumaa asubuhi alichuchumaa mbele ya kabati.

Uzi ulikuwepo. Mwekundu, urefu wa kidole, umebanwa kwenye ukingo wa kifuniko, upande wa maandishi.

Akauangalia muda mrefu. Halafu akafungua, na uzi ukadondoka kwenye goti lake. Saa ya bluu ilikuwa imelala kati ya wenzake. Akaichukua, akaiweka sikioni, akazuia pumzi. Kilichosikika ni cherehani tu, chumba cha pili, ikienda na kusimama, ikienda na kusimama.