Ubao wa Mwisho wa Jukwaa

Mtaani walimwita Pande Mbili. Seremala mwingine akipewa ubao wa sakafu huupiga randa juu tu. Chini nani atapaona? Yeye alipiga kote kote, na ukimwuliza alikujibu kwamba ubao haujui nani anautazama.

Kikanisa cha hospitali ya zamani kilikuwa kimefungwa miaka sita, tangu wagonjwa wahamishiwe jengo jipya. Sasa kilikuwa kinageuzwa ukumbi wa sanaa, na kazi yake ilikuwa kung'oa mabenchi na kuyafanya jukwaa. Alikuwa amebakiza ubao mmoja tu kuupigilia, pale dada yake mkubwa alipoingia bila kubisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mabenchi yako wapi?"

"Si hayo umeyakanyaga." Akacheka peke yake.

"Nataka lile la tatu, upande wa dirisha."

"Nikutengenezee kiti bwana, chenye mgongo. Mwenyewe unalia kiuno kila siku."

"Sitaki kukaa. Nataka kuligusa kwa chini." Akaketi ukingoni mwa jukwaa. "Unamkumbuka mwanangu wa kwanza?"

Alimkumbuka. Alizaliwa amekufa, hakupewa jina, hospitali ikamzika yenyewe, wapi hawakuambiwa. Nyumbani hakutajwa tena.

"Nesi alinileta hapa nilie, nisisikike wodini. Nikachomoa kibanio cha nywele, nikachora mstari chini ya benchi. Nilikuta mingine, ya wenzangu. Nilikuwa nakuja kuupapasa mpaka walipofunga."

Ile mistari fundi aliiona: mingi, mifupi, imebanana. Alidhani ni utundu wa watu waliochoka kusubiri, akaongeza randa mara mbili mpaka ikaisha, na moyoni akajisifu.

Benchi lile ndilo lililotoa ubao uliobaki.

"Ngoja nikuletee," akasema.

Akauchukua nyuma ya jukwaa, akaugeuza, akaweka ncha ya msumari. Mkwaruzo mmoja tu, dada angeenda zake ameridhika. Lakini mkono ukagoma. Mstari wenyewe ulikuwa na urefu gani? Ulilalia wapi? Vidole vya dada vilijua, yeye hakujua.

Akarudi nao mtupu.

"Dada, niliupiga randa. Na chini pia."

Dada akaupakata, akapitisha kiganja kutoka ncha hadi ncha, halafu akarudia.

"Maranda yake?"

"Nilichoma jana."

"Laini," akasema dada. "Umefanya kazi nzuri."

Heri angemtukana.

Dada akainuka na ubao begani, kiuno chake kile kile, akakataa kusaidiwa. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Usinifuate."

Baadaye waigizaji walikuja kufanya mazoezi. Mmoja akauliza lile pengo katikati ya jukwaa litazibwa lini, maana Jumamosi wanafungua.

"Halizibwi," fundi akasema, akikusanya vyombo vyake. "Jifunzeni kuliruka."