Jembe la Edgar

Xaveri alikuwa amelala ndani, amefunikwa shuka, na hakuna mwanaume aliyenyanyuka kumchimbia kaburi. Hapa kwetu Bweranyange anayekuzika ni jirani. Na Xaveri, Mungu amsamehe, hakuwahi kukanyaga msibani kwa mtu. Hata tulipomzika Edgar, kijana wa mama Pulkeria aliyepakana naye shamba, alitupita na pikipiki yake bila kupunguza mwendo. Mimi nilimwona kwa macho yangu.

Basi wanaume wetu wakakaa uani, mikono mifukoni, wakisema ajichimbie mwenyewe. Mume wangu Kahigi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, na mjane, Kemirembe, yuko ndani anasikia kila neno. Nikawaambia amri ya kupendana wanaisoma kanisani kwa madaha, leo imewakwama kooni. Wakaniambia nikapike.

Alasiri tukasikia jembe. Siku ya msiba hapa shamba halilimwi mpaka marehemu azikwe, kwa hiyo wote tuligeuka kutazama. Sauti ilitoka kibanjani kwa Xaveri, ndani kwenye migomba. Jembe, halafu mguno. Jembe, halafu mguno. Mtu akanong'ona kwamba marehemu amesikia, anajichimbia kweli.

Nikatangulia mimi, maana kwa woga wao tungekesha pale. Tulimkuta mama Pulkeria ameegemea mkongojo wake, mikono misafi, analia. Mbele yake shimo lilishafika kiunoni, udongo bado mbichi. Ndani lilikuwepo jembe ambalo mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi. Mungu wangu, nililijua. Lilikuwa la Edgar, na tangu tulipomzika, mama yake alikuwa amelichomeka darini, jikoni kwake.

Kahigi akamwamkia shikamoo, akamuuliza nani anachimba. Mama Pulkeria akatueleza kwamba alikuwa kwake, akasikia mguno wa mwanawe, ule aliokuwa akiguna kila akilima. Akatazama darini, jembe halipo. Akafuata sauti, na alipofika ikakoma.

Nikamuuliza kama hana kinyongo na Xaveri.

“Ninacho,” akasema. “Kimenijaa mpaka hapa. Lakini mwanangu ameshaanza, na kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Mtamwacha peke yake?”

Kahigi akavua koti, akashuka. Alilishika lile jembe, akaliachia, akalishika tena. Baadaye aliniambia mpini ulikuwa na joto la mkono. Wengine wakamfuata, na kabla jua halijazama tulimzika Xaveri, mimi nimemshika Kemirembe huku, wanawake wenzangu wamemshika kule.

Watu walipotawanyika, mama Pulkeria alibaki ameinamia udongo. Nilimsogelea nimsindikize nyumbani.

“Pumzika sasa, Edgar,” alikuwa anasema. “Wenzako wamekuja.”

Tulikuwa wawili tu pale. Karibu yetu kabisa, mwanaume akashusha pumzi.