Chuma Kisichoshika Kutu

Mke wangu alikuwa havai hereni za bei rahisi. Akizivaa asubuhi, jioni masikio yamevimba na yanatoa maji. Mkasi wake wa kushonea aliuviringishia kitambaa kwenye vishikio, na saa aliivaa juu ya mkono wa gauni. Marehemu mama yangu alimpachika jina, Malkia. "Mkwe wangu huyu vya watu wa kawaida havimtoshi," alikuwa akisema, "anasubiri dhahabu." Tulicheka nyumba nzima, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, miaka ishirini na sita ya mageti na madirisha. Nilijua vyuma, au ndivyo nilivyojidanganya. Mgongo wa mke wangu ulipoharibika kwa kuinamia cherehani, daktari alituonyesha pingili iliyoteleza, akasema ataishikiza kwa vyuma viwili na skrubu nne mpaka mfupa uungane. Juu ya meza yake palikuwa na mfano wa chuma hicho. Nikakiokota, nikakipima kwa kiganja kama niko karakana. Kilikuwa cheupe, laini, cha aina isiyoshika kutu.

"Hiki kizike miaka mia, utakikuta hivi hivi," nikamwambia mke wangu. Daktari akanisifu, nami kichwa kikavimba.

Siku ya kulazwa, muuguzi alikuja na fomu. Mke wangu alikuwa kitandani, mimi nimekaa kando yake. Muuguzi akauliza kama kuna kitu kinachomdhuru mgonjwa, iwe dawa, chakula au chochote kile.

"Kazi za jikoni tu," nikasema.

Tukacheka, muuguzi akaandika kwamba hakuna. Nikatia sahihi.

Mwezi wa kwanza alitembea, tukamshukuru Mungu. Mwezi wa tatu alianza kujikuna. Mgongo ukatoka vipele, kovu likawa jekundu na kuvuja majimaji, na ndani akasikia moto. Wakampa vidonge, wakambadilishia, wakamwongezea sindano. Damu ilipopimwa, mdudu hakuonekana. Daktari mmoja akasema pengine ni mawazo. Nami, badala ya kumtetea, nikamwambia ajikaze. Miezi mitano nililala kitanda kimoja na mtu anayeungua, na neno langu kwake lilikuwa hilo hilo, jikaze. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Aliyefumbua fumbo ni muuguzi mwingine, mama mtu mzima, aliyekuwa akimsafisha kidonda.

"Mwanangu, mbona saa unaivaa juu ya nguo?" alimuuliza.

Mke wangu alinitazama kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Ndipo akaeleza habari za saa, mkasi na hereni. Yule mama aliacha pamba pale pale akaenda kumwita daktari.

Walimbandika mkononi vipande vidogo vyenye madini mbalimbali, kila kimoja na namba yake. Siku ya pili wakavibandua. Chini ya kimoja ngozi ilikuwa imechubuka na kuvimba. Nikeli, daktari akasema. Vile vyuma vina nikeli ndani yake, na mwili wake unaikataa. Wangejua mapema wangetumia vya aina nyingine. Neno hilo, nikeli, nimelisoma miaka yote kwenye boksi za fito zangu za kuchomelea. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami nilidhani wanasema habari za majipu.

Mfupa ulikuwa bado haujaungana. Daktari alitueleza wazi: vyuma vikibaki, ataendelea kuungua, vikitolewa sasa, pingili inaweza kuteleza tena, na nyama zimeharibika mno kuwekewa vingine. Mke wangu hakuniuliza mimi. "Vitoeni," alisema.

Vikatolewa. Baada ya wiki tatu vipele vilikauka, na baada ya miezi miwili pingili ikateleza. Sasa mguu wa kulia hausikii kitu na hawezi kukaa hata nusu saa. Cherehani tumeifunika shuka. Madaktari wanasema kumpasua mara ya tatu ni hatari kuliko kumwacha.

Juzi mchana nilikuwa nikimpaka mafuta mgongoni. Ngozi imerudi kuwa nzuri. Nikashindwa kuendelea kulibeba lililokuwa moyoni.

"Ile fomu," nikasema. "Muuguzi aliuliza, na ni mimi niliyemjibu."

"Najua. Nilikuwa pale."

Mkono wangu ukasimama. "Ulisikia? Sasa mbona hukusema kitu?"

Aliugeuzia uso ukutani.

"Ningesema saa ngapi, mume wangu?" alisema. "Mlikuwa mnacheka."